Vikao Vitatu vya Ghala la Njaa

Ngano inabisha!

Ifungulieni!

Imekuja na nini?

Imekuja na chake, isichukue chetu!

Basi sogeeni, nafasi ipo. Hapo kale, kale sana, kabla babu wa babu zenu hajaota jino, palikuwa na nchi ya wanyama iliyoitwa Nyasindefu. Jina hilo lilibaki jina tu, maana siku za ngano hii nyasi ndefu kuliko zote haikufika kwenye fundo la mguu wa digidigi. Mvua ilikosa mwaka wa kwanza, wanyama wakasema ni bahati mbaya. Ikakosa mwaka wa pili, wakasema ni mkosi. Ilipokosa mwaka wa tatu, hawakusema kitu.

Katika nchi hiyo aliishi Kanga na vifaranga wake watatu: Kidoa, Kishungi na Kitinda. Baba yao alikwenda kutafuta maji upande wa machweo, hakurudi. Kanga alibaki na ombi moja tu moyoni mwake, kwamba wanawe watatu waione mvua.

Na chakula kilikuwapo. Hilo ndilo la kuudhi. Katikati ya nchi, kando ya uwanja wa Baraza la wajumbe, lilisimama ghala kubwa la udongo, Ghala la Njaa. Kila mavuno kila nyumba ilipeleka kikapu humo, mtama au kunde, kisha mlango ukasiribwa kwa udongo hadi siku ya shida. Mwenye ruhusa ya kuubomoa ni Baraza peke yake. Na sheria ilisema ombi la mwananchi lisikilizwe kwa vikao vitatu, kila mwezi uandamapo kikao kimoja.

Jirani yake Kanga alikuwa Buku, yule panya mkubwa wa kuchimba. Asubuhi moja Buku akaja akamwambia kwamba ameupima ukuta wa ghala kwa pua yake, na kutoka nje ya ukuta hadi sakafu ya ndani ni kazi ya siku mbili.

Kanga akakataa. "Ukichimba wewe leo, kesho atachimba mwingine, na ghala la wote litakuwa la wenye makucha. Wajumbe tunao. Tuliwachagua wenyewe."

"Dada yangu, tumbo halina mjumbe," Buku akasema. Lakini alimheshimu Kanga, kwa hiyo akayarudisha makucha yake.

Mwezi ulipoandama, Kanga aliwaacha watoto kwa Buku, akashika njia. Ilikuwa safari ya kutwa nzima, na alitembea akiimba:

*Mguu twende, mguu twende,*
*wanangu waione mvua.*

Akafika. Kiboko, Spika wa Baraza, alikuwa amejilaza kwenye tope la mwisho lililobaki nchini. Hakumuuliza Kanga shida yake. Alimuuliza chungu kiko wapi. Maana mila ya Nyasindefu ilikuwa hiyo, kwamba Baraza haliamui likiwa na njaa. Mwenye njaa huamua kwa hasira, walisema wazee, kwa hiyo mleta ombi ndiye mpishi wa kikao. Kanga akajibu kwamba amekuja na miguu yake tu.

Wajumbe wakaguna. Hapo akasimama Kobe, mjumbe wa upande wa kina Kanga, mzee mpole, machozi yakimlengalenga. Akasema ni aibu kumdai chakula mwenye njaa. Akatoa hoja kwamba wananchi wapunguziwe mzigo huo mara moja, na chakula cha vikao kitoke ghalani.

Hoja ikapita pale pale. Na aliyepiga kigelegele cha kwanza alikuwa Kanga mwenyewe.

Ghala likatobolewa tundu kwa nyuma. Vyungu vikatelekwa. Fisi, ambaye tangu azaliwe hakuwahi kujulikana kula mtama, siku ile alijifunza. Waliposhiba wakajadili kama njaa ipo au haipo. Fisi akasema yeye hajaiona, na hakuna mnyama aliyewahi kumlalamikia njaa akabaki hai kuthibitisha. Ikaundwa kamati ya wajumbe tisa, Fisi akiwa mwenyekiti, izunguke nchi nzima ikaitafute. Kamati nayo ikafungiwa masurufu ya njiani.

Kanga akarudi nyumbani. Buku alikuwa amekaa nje, hakuinua kichwa. Kidoa hakuwapo tena.

"Wametoboa ghala kwa ajili ya matumbo yao," Buku akasema alipopewa habari za Baraza. "Kikao kimoja tu. Kwa nini ombi letu likae vikao vitatu?"

Kanga alisema wamebaki wawili, na vikao vimebaki viwili.

Mwezi ukaandama tena. Akashika njia.

*Mguu twende, mguu twende,*
*wanangu waione mvua.*

Kamati ilikuwa imerudi imenona. Fisi akatoa taarifa kwamba njaa ipo, lakini neno lenyewe si zuri. Nchi jirani wakilisikia watatudharau. Akapendekeza iitwe uchache wa shibe. Baadhi wakataka uhaba wa shibe. Walibishana kutoka asubuhi, wakala, wakabishana, wakala tena, na jua likaelekea kuzama kabla uchache haujaushinda uhaba.

Kanga alikuwa nyuma ya uzio wa miiba, mahali pa wananchi. Alipoomba kusema, Kiboko akamkumbusha kwamba mwananchi husema kwa kinywa cha mjumbe wake. Kobe akamfuata pale uzioni, maganda ya kunde yamemganda mdomoni.

"Vumilia, mama. Tunahangaika kwa ajili yenu."

"Mzee, mwanangu amekufa."

"Nimelitaja hilo," Kobe akamwambia, na sauti yake ilitetemeka kwa huruma ya kweli. "Limo katika hotuba yangu. Wamepiga makofi."

Kanga alimwangalia. Hakuona uovu katika uso wa Kobe, na hilo ndilo lililomtisha.

Aliporudi nyumbani, Kishungi hakuwapo tena.

Safari hii Buku hakubisha. Alikunjua makucha yake, yamechakaa kwa kuchimba mizizi mikavu, akasema, "Sema neno moja tu, dada. Nianze sasa hivi."

Kanga akafikiri. Sheria ilisema atakayegusa ghala, ombi la upande wake hurudishwa kwenye kikao cha kwanza. Vikao viwili vimekwisha kulipwa, na malipo yake aliyajua. Angeanzaje upya? Akamwomba Buku angoje mwezi mmoja tu.

Wasikilizaji wangu, msigune. Kila mmoja wenu angengoja.

Mwezi wa tatu ukaandama. Kanga akambeba Kitinda chini ya bawa, maana alikuwa mwepesi kama ganda la yai. Akaanza kuimba, mguu twende, mguu twende, na hapo pumzi ikamkata.

Siku hiyo Baraza lilikuwa zuri kulitazama. Kiboko akauliza nani anakubali ghala lifunguliwe kwa wananchi. Wote wakakubali. Fisi alikubali kwa sauti kuliko wote. Hakuna aliyepinga, hakuna aliyenyamaza. Wakapeana mikono, wakakumbatiana, wakasema kizazi hiki cha wajumbe kitakumbukwa. Kisha wakaenda na shoka kuubomoa mlango.

Vumbi likatoka. Nyuma ya vumbi, fukusi mmoja wa nafaka.

Waliangaliana, na mshangao wao haukuwa wa kuigiza. Kila mjumbe alikumbuka sahani yake tu, na sahani yake ilikuwa ndogo. Kobe akakaa chini akalia. "Tulikula kidogo kidogo," alisema.

Likapitishwa azimio la kuwapa pole wananchi. Fisi akaomba lijadiliwe kwa kina, wakamwuliza mbele ya chungu gani. Kikao hicho kilikuwa kifupi kuliko vyote.

Kanga aligeuka na njia. Mahali fulani kati ya Baraza na nyumbani, chini ya bawa lake, joto likapungua, likapungua, halafu likawa lake peke yake. Hakufungua bawa. Alitembea hivyo hivyo hadi kwake, na Buku alipoona bawa lile lilivyobanwa, alichimba kaburi dogo pale pale.

Siku ya tisa mvua ikanyesha. Ikanyesha vizuri, kama isiyokuwa na kosa. Nyasi zikarefuka, mtama ukabeba, na mavuno yakaingia.

Ndipo Fisi na Kobe wakapita nyumba kwa nyumba na magunia, kulijaza ghala upya. Baraza lilikuwa limeweka utaratibu wa haki: nyumba yenye watoto itoe kikapu kimoja, nyumba isiyo na watoto itoe viwili, kwa kuwa ina ziada. Kobe alimweleza Kanga taratibu, kwa upole wake ule ule.

Kanga akawamiminia kikapu cha kwanza. Akawamiminia cha pili. Kisha akaingia ndani akatoka na cha tatu, ambacho hawakukiomba, akakimimina nacho, maana hapakuwa na wa kumwekea.

Fisi akamsifu, akasema nchi ingekuwa na wananchi kumi kama huyu, isingeona shida.

Na funzo lake ni hili, mlishike msiliachie: aliyeshiba anaweza kukuhurumia mpaka akulilie, lakini hawezi kukufanyia haraka. Usimngoje amalize kula ndipo akuulize kama una njaa.

Ngano yangu imefika ukingoni. Aliyeipenda aende nayo, aliyeichukia aende nayo pia, mimi kwangu siirudishi.