Siku Nyani Aliposhindwa Kusema Siyo

Hodi masikioni mwenu!
— Karibu, ingia!
Nimekuja na uongo.
— Una chumvi?
Chumvi tele!
— Basi keti, umwage!

Hapo kale, katika Jimbo la Majabali, waliishi pimbi wawili, majike wote, Mize na Kidawa. Pimbi mnawajua: wadogo, mkia hawana, lakini akili wanazo. Hawa walipendana hasa. Walikaa pamoja mvua tisa katika pango ambalo Mize alirithi kwa mama yake, pango kavu lenye jua la asubuhi.

Sasa sheria ya jimbo ilikuwa hivi: mwenye pango akifa, hurithi mwenziwe wa ndoa. Asiye na ndoa, pango lake humwendea mnyama mkubwa kuliko wote. Na mkubwa alikuwa nani? Nyani! Kila jioni Nyani alipita mlangoni, akasikiliza Mize anavyokohoa, koho koho, kisha akapima upana wa mlango kwa mikono.

"Bibi anaendeleaje leo?" humwuliza Kidawa.

"Hajambo, ahsante."

"Aa! Basi nitapita tena kesho."

Kidawa aliumia. Kulipoteza pango aliogopa, lakini kilichomchoma zaidi ni kwamba Mize akifa, yeye hataitwa mjane. Ataitwa mpangaji.

Wakapeleka muswada barazani: wawili wakipendana, jike na jike au dume na dume, waandikiwe ndoa kama wengine. Mara ya kwanza, muswada ukaanguka. Mara ya pili, muswada ukaanguka. Maana baraza lile halikuhesabu mikono. Spika Kobe aliuliza, wanaoafiki wakasema ndiyo, wasioafiki wakasema siyo, na upande wenye kelele ndio ulioshinda. Na Nyani akisema "SIYOOO!" majabali yote yaliitikia: siyo, siyo, siyo. Ukianguka mara ya tatu, hauletwi tena.

Kidawa akaenda nyumba kwa nyumba kuomba kura.

Akaenda kwa Digidigi. "Mheshimiwa, unaafiki?"

"Naafiki, dada. Lakini kwa sauti ndogo."

Akaenda kwa Kanga. "Mheshimiwa, unaafiki?"

"Naafiki, mwenzangu. Lakini kwa sauti ndogo."

Akaenda kwa Nungunungu. "Mheshimiwa, unaafiki?"

"Naafiki, mwanangu! Hata mdogo wangu wa kike anaye mwenzake kule bondeni, nao ni wanawake watupu. Lakini..."

"Kwa sauti ndogo," Kidawa akammalizia.

Akarudi nyumbani anacheka peke yake, mpaka Mize akashtuka.

"Kidawa, unacheka nini?"

"Kura tunazo, Mize! Tunazo tele! Ila sauti zao zimekwama kooni."

"Tutazikwamua vipi?"

"Tutakwamisha ya Nyani."

Siku ya kura ikafika. Kidawa akaja akiviringisha fenesi, gudu gudu gudu, fenesi bivu lenye harufu ya kumtoa mtu usingizini. Akaliweka karibu na kiti cha Nyani, na pembeni akaweka kifuu cha mafuta ya nazi. Kila mtu anajua utomvu wa fenesi. Usipojipaka mafuta mikononi na midomoni, utakula na utajuta.

"Mheshimiwa Nyani," akasema kwa adabu, "fenesi hili ni la wageni wa harusi. Tafadhali usiliguse mpaka kura ipigwe. Na atakayekula, apake mafuta kwanza."

"Harusi ya nani?" Nyani akacheka. "Na hayo mafuta ni ya wanyonge!"

Kobe akaanza kusoma muswada. Na Kobe akisoma, kati ya neno na neno unaweza kusuka mkeka ukamaliza. Nyani akatazama kulia, akatazama kushoto. Pasu! Akalipasua fenesi. Nyam, nyam, nyam!

"Mjomba," wapwa zake wawili wakanong'ona, "kipande kimoja tu!"

"Kanyweni maji!" Nyam, nyam, nyam!

Hata Kobe alipofika nukta ya mwisho, fenesi limekwisha.

"Wanaoafiki, waseme ndiyo."

Wote wakamtazama Nyani, wakingoja awakodolee macho. Lo! Midomo imegandana. Nyani akajaribu kuifungua kwa mkono wa kulia, mkono ukanasa shavuni. Akajaribu kuuvuta kwa wa kushoto, nao ukanasa. Kanga akacheka, ke ke ke! Digidigi akacheka. Hofu ikawatoka.

"Ndiyo!" akasema Kidawa.

"Ndiyo," akasema Mize, akakohoa, akarudia kwa nguvu, "ndiyo!"

"NDIYOOO!" likaitika baraza zima, na majabali yakaitikia: ndiyo, ndiyo, ndiyo.

"Wasioafiki, waseme siyo."

"Mmmf! Mmmf!"

"Sijasikia, Mheshimiwa," akasema Kobe. "Na ninyi wapwa?"

"Sisi humfuata mjomba," wakajibu, njaa imewakaza. "Na mjomba hajasema."

"Basi walioafiki wameshinda."

Vigelegele! Nungunungu alilia mbele za watu bila haya. Mize akamshika Kidawa mkono. "Mke wangu," akasema, kwa sauti kubwa, mbele ya Spika, na Kidawa akasikia raha ambayo hakuwahi kuisikia maisha yake yote.

Kisha bibi harusi Kidawa, mwenye huruma, akachukua kile kifuu, akampaka Nyani mafuta taratibu. Midomo ikaachana, pwa! Wote wakaziba masikio, wakingoja ile siyo ya kutikisa mlima.

Nyani akameza mate. "Limebaki hata kokwa?"

Haya, wanangu, mafunzo ya hadithi hii ni kwamba wadogo wasiguse mambo ya sheria, kwa sababu hawawezi kushinda kamwe. Na fenesi lina madhara makubwa, kwa hiyo mkilipata, nileteeni mimi.

Natoka masikioni mwenu!
— Nenda na uongo wako!
Naacha mlango wazi.
— Uache, tunakwenda harusini!