Vijiti Viwili Vilivyopishana

Zamani za kale sana, watoto, wanyama walipokuwa na nyumba, mabaraza na madaftari ya mahudhurio, mvua iliacha kunyesha kijijini Majiweni kwa miaka mitatu.

Mwaka wa kwanza mto ulikatika. Mwaka wa pili visima vilikauka. Mwaka wa tatu kina mama waliondoka alfajiri kuchimba mizizi, wakarudi jioni na mizizi ya kujaza kiganja kimoja.

Ndipo Chui alipokuja kutoka ng'ambo ya bonde, yeye na Fisi na ndugu wanne wa Fisi. Wote sita walivaa skafu nyekundu. Chui, aliyejiita Kamishna, akapuliza filimbi.

"Pyuuu! Hodi hodi, kina mama! Tumewaletea skauti!"

"Skauti ndiyo nini?" akauliza Mama Ngiri.

"Mafunzo, mama. Watoto watajifunza kuwasha moto, kufunga kamba, kufuata njia. Halafu watakwenda kambini. Na kambini kuna chemchemi."

Baada ya neno chemchemi hakuna aliyeuliza tena.

Fisi akachukua fimbo, akawapima watoto mmoja mmoja. Aliyemfika gotini alipewa skafu ya kijani, akaitwa Chipukizi. Aliyemfika kifuani alipewa ya manjano, akaitwa Mwamba. Waliozidi hapo waliitwa Jasiri, nao walikuwa ni wao sita tu.

"Samahani, mzee," akasema Pimbi. "Kwani ninyi mlipitia Chipukizi lini?"

"Sisi? Hi hi hiii! Sisi tulizaliwa Jasiri!"

Pimbi huyo alikuwa mjane, umbo lake kama sufuria ya chakula cha watu wawili. Alikuwa na mtoto mmoja tu, jina lake Tabu. Kwa kuwa alijua kusoma, Chui akamtupia kitabu cha mafunzo.

"Wewe ni mdogo, kaa na wadogo. Utakuwa mwalimu wa Chipukizi."

"Na wewe, Kamishna, hukihitaji kitabu?"

"Mimi? Mambo ya vijiti na mawe ni ya watoto."

Basi Pimbi akafundisha. Mshale wa vijiti maana yake pita huku. Vijiti viwili vilivyopishana maana yake usipite huku. Duara la mawe lenye jiwe moja katikati maana yake nimekwenda nyumbani, msinifuate tena. Akawafundisha wao, na Mwamba pia, kufunga skafu kwa fundo ambalo halifunguki mpaka ulifungue mwenyewe. Chipukizi walikuwa kumi na wawili, na siku ya kwanza waliapa kuwatii wakubwa. Waliyashika yote kwa wiki mbili.

Kundi la Mwamba lilitangulia kambini. Walikuwa kumi na wanane: swala, ngiri, tumbili, nungunungu. Waliondoka wakiimba. Mosi, mwana wa Mama Swala, ndiye aliyebeba bendera. Skafu yake ilikuwa imechanika siku ya kwanza, na mama yake akaitia kiraka cha buluu.

Wiki ikapita. Hakurudi hata mmoja.

"Wamefuzu!" akasema Chui barazani. Akamnyooshea Mama Swala mkono wa kushoto, maana skauti husalimiana kwa mkono ulio karibu na moyo. "Mwanao ana kipaji, mama. Tumempeleka mbele kwa mafunzo ya juu."

"Chakula anapata?"

"Anakula? Wanashiba kambini, mama. Wanashiba sana."

Fisi akageuka pembeni, akacheka.

Siku iliyofuata Pimbi alikwenda nyumbani kwa Fisi kuomba chaki ya darasani. Mlangoni alimkuta mtoto wa Fisi akijifuta mdomo kwa kitambaa cha manjano. Kitambaa kilikuwa na kiraka cha buluu. Kilikuwa kimekatwa upande wa nyuma kwa meno, na fundo la mbele lilikuwa bado limefungwa.

Pimbi akalitazama lile fundo. Mtoto akapitiwa na usingizi. Pimbi akachukua skafu, akatoka bila chaki.

Akaenda moja kwa moja kwa Mama Swala.

"Dada, Mosi hayupo."

"Najua hayupo. Yuko mafunzoni."

"Dada, hawapo wote. Nimeona skafu yake..."

"Nyamaza!" Mama Swala akaziba masikio. "Unaona wivu kwa kuwa wako ni wa kijani! Kama mwanangu hayuko mafunzoni, yuko wapi? Sema! Yuko wapi?"

Pimbi alikuwa na skafu mkononi, nyuma ya mgongo. Hakuitoa. Akapita nyumba baada ya nyumba, na kote alisikia jibu lile lile. Mama Ngiri peke yake alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Hata kama ni kweli, mwalimu, tutafanya nini? Hapa pia wanakufa."

Jioni hiyo filimbi ikalia tena. Pyuuu! Kesho asubuhi Chipukizi wote kambini. Jina la kwanza kwenye orodha lilikuwa Tabu.

Pimbi hakuwa na pembe wala meno ya kupigania. Akaenda kwa Chui, akapiga saluti ya vidole vitatu.

"Kamishna, niruhusu nitangulie nikaweke alama njiani. Watoto wafanye mtihani wa kufuata njia. Bila mtihani wazazi watasema hii si skauti."

"Mtihani!" akabweka Fisi. "Wa nini, na wao ni..."

"Funga mdomo," akasema Chui, maana alipenda sherehe. "Weka alama zako, mwalimu. Ila ole wako njia iwe ndefu. Nina njaa. Yaani, nina haraka."

"Nitawapitisha njia ya mkato, Kamishna."

Watoto, njia hiyo ya mkato ilipita kwenye ziwa la Majiweni. Chui alikuja ziwa likiwa limekwisha kukauka, kwa hiyo yeye aliona uwanja tu. Wenyeji walijua kwamba lililokauka ni gamba la juu. Chini kulikuwa na tope lenye kina cha kumfunika twiga. Mwezi uliopita Nyati alikanyaga pale. Zilibaki pembe, kisha pembe nazo hazikuonekana.

Usiku huo Pimbi akaenda kuweka alama, na asubuhi wakatoka wote. Majasiri sita walitangulia na Chipukizi kumi na wawili wakafuata pamoja na mwalimu wao. Kila penye mshale watoto walipiga kelele, "Pita huku, mwalimu!" Chui akatikisa kichwa kama mtu anayesahihisha.

Wakafika ukingoni mwa ziwa. Hapo palikuwa na magogo mawili yaliyopishana, yamefungwa kamba vizuri.

"Hili nalo ni nini?" akauliza Fisi.

Pimbi akaruka mbele kabla watoto hawajafungua mdomo. "Aa, mzee! Kamishna anajua!"

Wote wakamtazama Chui. Chui akakohoa.

"Najua, ndiyo. Unadhani sijui? Nalijua tangu utoto wangu."

"Basi ni kama ujuavyo, Kamishna. Lango la Jasiri. Wakubwa hupita kwa gwaride, mguu mmoja kwa pamoja, na wadogo husimama kando kupiga saluti."

"Ndivyo!" akasema Chui. "Hivyo hivyo! Jasiri, jipangeni! Kushoto, kulia! Kushoto, kulia!"

Tii! Tii! Tii! Walipiga miguu chini kwa nguvu zao zote. Walifika hatua ya thelathini. Kacha. Kachakacha. Gamba likapasuka.

"Mama weee!" Fisi akazama mpaka kiunoni. Ndugu zake wanne wakamshika, wakazama naye. Chubwi! Chubwi!

Chui alikuwa amezama mpaka kifuani. Kila alipojitingisha alishuka zaidi. Akageuza kichwa.

"Chipukizi! Njooni mnivute! Hii ni amri! Mliapa kutii!"

Watoto wakaanza kusogea. Tabu akamtazama mama yake. "Mwalimu, tuliapa."

"Alama inasema nini?"

"Usipite huku."

"Basi tiini alama."

Wakasimama. Ndipo Chui alipomwona Pili, mdogo wake Mosi, mbele ya wenzake. Sauti yake ikalainika.

"Pili, mwanangu. Kaka yako yuko ng'ambo hii hapa. Anakusubiri. Kimbia uone!"

Pili akaruka magogo.

"Pili!" Pimbi akaita. "Kaka yako hayuko!"

"Yuko! Mama amesema yuko!"

Pimbi akatoa skafu, akaikunjua. Ya manjano, kiraka cha buluu, fundo halijafunguliwa. Pili aliitazama, mguu wa mbele ukiwa juu ya gamba. Kila Chipukizi anajua kwamba skauti hufungua fundo lake mwenyewe.

Mguu ule ukarudi. Pili akakaa chini.

Chui aliendelea kutoa amri mpaka tope lilipomfika mdomoni. Halafu filimbi ikatoa povu, na uwanja ukanyamaza.

Watoto hawakushangilia. Ngiri mdogo ndiye aliyeuliza, "Mwalimu, na chemchemi?"

"Haikuwapo."

Wakarudi kijijini kumi na wawili, kama walivyotoka. Kina mama walikuwa wamesimama njiani na mitungi. Waliwahesabu watoto. Wakaitazama mitungi. Pimbi akampa Mama Swala skafu. Mama Swala akaketi chini nayo. Alijaribu kulifungua lile fundo, akashindwa, akajaribu tena, na jua likatua bado akijaribu.

Kesho yake Chipukizi wakaenda ukingoni mwa bonde la kambi, wakaweka maduara ya mawe kumi na manane, kila moja na jiwe lake katikati. Tabu alipomaliza la mwisho akasimama.

"Mama, alama hii inasema nimekwenda nyumbani. Mbona wao hawakwenda nyumbani?"

Pimbi alikuwa amesoma kitabu kile kuanzia mwanzo hadi mwisho. Jibu la swali hilo hakulikuta humo. Akamshika mtoto mkono, wakarudi, na mvua haikunyesha mwaka huo wala uliofuata.

Hapo ndipo ninapoishia, na funzo lake ni hili: msimtii mkubwa katika jambo ambalo yeye hakuwahi kujifunza.