Nani Aende Kusomea Miti?

Sogeeni karibu, wageni wetu. Pilau bado haijaiva, na mimi nina jambo linalonikera hata usingizi siupati vizuri. Ninyi mmekuja kumchukua bibi harusi. Hamna shangazi hapa wala mjomba, kwa hiyo hamna wa kumpendelea. Mimi nitatoa kisa, ninyi mtoe hukumu. Anayetaka kusinzia asinzie sasa hivi, maana nikishaanza sipendi kukatizwa.

Hapo zamani... zamani gani! Wapo, wazima wa afya, vijana watatu wa kijiji hiki cha Ngofi, na kila mmoja Mungu alimpa chake.

Eliapenda alipewa macho na miguu ya kukwea. Mti uliotushinda sote yeye anaupanda kama anakwenda chumbani kwake, na akiwa bado chini anajua kama mbegu za juu zimekomaa au zimeliwa na wadudu. Nakundwa alipewa mkono. Akikishika kitu kikaingia udongoni, kinaota. Mama yake husema binti yake akisahau mwiko shambani utachipua. Mbonea alipewa mdomo. Huyo anaweza kukutania mpaka mababu zako, ukacheka, halafu ukamkaribisha chai.

Sasa uangalieni mlima ule. Uliungua moto ukabaki upara. Mlima ukiwa upara kijito kinakauka, na kijito kikikauka ndiva haijai. Ndiva ni bwawa tuliloachiwa na wazee wetu: maji yanajikusanya usiku, asubuhi yanafunguliwa kwa zamu, leo shamba la huyu, kesho la yule. Miaka ya karibuni ukifungua zamu yako unapata tope na vyura wawili wamekasirika.

Ndipo likaja shirika na ruzuku ya kupanda miti. Afisa wao ni binti mmoja mstaarabu kutoka Bukoba, anaitwa Adventina. Akatuambia: mtapewa majembe, mtapewa viriba vya kuoteshea miche, mtajengewa kitalu. Miche ikivuka kiangazi ikiwa hai, kijiji kitapata nafasi ya kumpeleka kijana chuo cha misitu, ada imelipwa, na akirudi ataajiriwa kuwa msimamizi wa msitu wa kijiji kwa mshahara wa kila mwezi. Tulipiga makofi. Mimi nilikuwa mwenyekiti wa kamati ya miti na bado ndimi, mnione hivi, na nilipiga makofi kuliko wote. Laiti ningeuliza siku ile, nafasi ngapi?

Mambo yakaanza. Mfadhili alitaka miti ya asili, mishai na miringaringa, na mbegu zake haziuzwi dukani. Eliapenda akaingia msitu wa serikali kwa kibali, siku baada ya siku, kamba kiunoni na mfuko mgongoni. Tuliojaribu kumsaidia tuliokota zilizoanguka, zote zimetobolewa. Za kuota zilikuwa juu, naye ndiye aliyezifuata juu. Siku ya mwisho tawi likamtupa. Mkono wa kulia ukavunjika kwenye kiwiko, na tulipomfikia alikuwa ameulalia ule mfuko wa mbegu ili usimwagike. Mkono ulipona ukiwa umepinda. Mpaka leo jembe halishiki sawasawa, na kwao hawana kazi nyingine ila jembe.

Mbegu zikamfikia Nakundwa kitaluni. Zikaota vizuri, kisha kijito kikatuchezea. Maji ya kitalu yakakatika, na kamati yangu tukufu ikakaa kikao, ikaahirisha kikao, ikakaa tena. Nakundwa hakutungoja. Zamu ya ndiva ya shamba lake la maharage akaigeuzia kitaluni. Zamu iliyofuata akafanya vilevile, na iliyofuata. Mama yake alipiga kelele mpaka majirani wakatoka nje. "Mwanangu, maharage ni ada ya wadogo zako!" Nakundwa akamjibu, "Mama, miche hii ikifa hakuna ndiva ya kumwagilia hayo maharage mwakani." Maharage yakakauka yakiwa na maua. Miche ikasimama imara. Na wadogo zake wawili wamekaa nyumbani, shule wanaiona kwa mbali.

Kisha siku ya kupanda ikafika, na hapa nawaomba msitucheke, au chekeni kidogo tu. Kwetu kazi ya kijiji inaitwa msaragambo. Pembe inapulizwa, kila kaya inapimiwa kipande chake, ukimaliza unakwenda nyumbani. Anayemaliza kwanza anapigiwa vigelegele, na wa mwisho anataniwa mpaka mwaka uishe. Tumelelewa hivyo. Basi pembe ikalia, watu wakashindana. Ilipofika saa nne mlima wote ulikuwa umepandwa, nami nikatangaza kwa fahari kwamba haijawahi kutokea. Kweli haikuwahi. Watu wazima wenye akili zao, kwa haraka ya kuwahi vigelegele, walifukia miche na viriba vyake! Mzizi umefungwa ndani ya nailoni kama mtoto aliyevishwa gunia, eti ukue.

Mbonea ndiye aliyeling'amua jambo hilo, alipokwenda kujikwaa kwenye mche mmoja ukang'oka mzima mzima. Akaja kwangu. Nikamwambia haiwezekani, kipande cha msaragambo kikishamalizwa hakirudiwi, ndiyo desturi. Ukiwapulizia pembe tena kwa kazi ileile wanakuvunjia heshima, hawaji. Akasema, "Mama, pembe iacheni ukutani." Akapita nyumba kwa nyumba, amevaa uso wa msiba. "Tumefiwa kilimani," anasema. "Nani kafa?" "Bado hawajafa. Tumewazika wazima, na wewe bwana mkubwa umezika wengi kuliko jirani yako." Mwenye nyumba anashtuka, anaelewa, anacheka, anachukua jembe. Kwetu hakuna anayebaki nyumbani penye msiba. Mlima ukafukuliwa, viriba vikachanwa, miche ikarudishwa udongoni.

Bado mbuzi. Wenye mbuzi walikataa katakata kuwafungia kiangazi kizima. Mbonea akawaambia fungieni, majani nitawakatia mimi. Walidhani anatania kama kawaida yake. Alikata majani kiangazi chote, mikono ikawa na sugu, na kazi ya ujenzi aliyotafutiwa na mjomba wake mjini Moshi ikachukuliwa na mtu mwingine kwa sababu alikuwa mlimani anafunga mizigo ya majani ya mbuzi wa watu.

Kiangazi kikaisha. Adventina akapanda mlima na watu wake, wakarudi wanatabasamu. Miche iko hai. Tukachinja. Zikashushwa fulana za mradi, nyingi, zingetosha hata marehemu wetu. Kofia pia, kila mtu na yake. Nikamwuliza Adventina, "Na nafasi za chuo?"

"Moja, mama."

"Moja ya nini?"

"Kila kijiji kina nafasi moja. Nyie mniletee jina."

Nikamwambia fulana zirudi, atuongezee nafasi mbili. Akainamisha kichwa. Akasema si yeye anayepanga, fulana zina fungu lake na masomo yana fungu lake. Nikauliza je, hao wawili watakaobaki? "Tutafurahi wakiendelea kujitolea," akasema. Kujitolea! Neno hilo lilinipanda kichwani kama pilipili. Mmoja atarudi na mshahara awe msimamizi, na wenzake watakuwa chini yake wanafukuza mbuzi bure.

Tukaitisha mkutano. Oo, mkutano ule! Mzee Kiangi akasimama: "Bila mbegu hakuna mche, apelekwe Eliapenda." Mama mmoja akamrukia: "Mbegu zako zingekufa kiu. Apelekwe Nakundwa." Kaka yake Mbonea akadakia: "Na miche ya Nakundwa ingeozea kwenye nailoni au ingeishia tumboni mwa mbuzi. Apelekwe Mbonea." Tukarudi kwa mbegu. Tukazunguka hivyo mpaka koo zikakauka. Wengine wakasema Eliapenda apewe kwa kuwa ameumia. Mwenyewe akachukia, akasema hataki kupewa chuo kama sadaka. Wengine, nawaonea haya kuwataja, wakasema Nakundwa ataolewa huko na elimu itapotea. Niliwauliza mbona wanaume wanaoa huko na elimu haipotei. Wengine wakamtaka Mbonea kwa kuwa atajua kuongea na wafadhili, kana kwamba msitu unasomewa kwa kuongea.

Nikawaita wenyewe watatu waseme.

Eliapenda akasema, "Jembe limenikataa. Kusoma kunahitaji macho, na macho ninayo. Nikikosa hili, sijui nitashika nini."

Nakundwa akasema, "Nikinyamaza mtasema sitaki. Nataka. Nataka sana. Na wadogo zangu wanataka shule."

Mbonea tulimngoja, tukijua sasa atatuchekesha. Akasimama, akakaa. "Nikijisemea," akasema, "mtasema nimewarubuni." Hakuongeza neno, na nilitamani aongeze.

Tukapiga kura. Kila mmoja ukoo wake ukamjazia, zikalingana zote tatu. Mnanitazama hivyo kwa nini? Zililingana. Na kwa katiba ya kamati, kura zikilingana anaamua mwenyekiti.

Na kuna jambo lingine linanikaba. Yeyote nitakayemtuma atakaa huko misimu miwili ya kiangazi. Akienda Eliapenda, nani atatuletea mbegu za kujazia mapengo? Akienda Nakundwa, kitalu kitabaki na kamati, na kamati mnaijua. Akienda Mbonea, wenye mbuzi watafungua milango siku hiyohiyo. Yaani nikimlipa mmoja fadhila yake, nauondolea mlima mkono wake. Na nikimwacha kwa kuwa mlima unamhitaji, nimemwadhibu kwa kuwa hodari. Ruzuku ya namna gani hii, inayowapatanisha watu mwaka mzima halafu inawagombanisha kwa siku moja?

Msiniambie waende wote; nimeshaomba, nimekataliwa. Msiniambie wapokezane, chuo hakipokei zamu kama ndiva. Msiniambie asiende mtu, kwa sababu Adventina anaondoka Jumatatu, na bila jina nafasi inakwenda kijiji cha ng'ambo, ambao nusu ya miche yao ililiwa na mbuzi na hawakosi usingizi.

Haya, nimemaliza. Kuna aliyeileta mbegu, kuna aliyeipa uhai, kuna aliyeuokoa uhai huo usipotee. Je, wewe ungekuwa kwenye kiti changu ungeamua vipi? Ungelitaja jina gani?

Na usinong'one. Sema kwa sauti, kwa sababu wale watatu wanaowapakulia chakula hapo nje ndio wao, na wamesikia kila neno.