Pole Iliyojibiwa Jumapili

Pole haijibiwi mlangoni. Mmemsikia mama mwenye nyumba akimwambia hivyo mgeni wake, nanyi mkacheka, mkaniuliza mgeni akajibie wapi basi, dirishani? Kaeni niwaambie ilikotoka.

Methali hii ilianza huku huku Rungwe, kwa mzee aliyeitwa Anyosisye. Mkewe aliugua wakati wa masika. Gari lililokuwa likimpeleka hospitali likafika darajani, likakuta magogo yameoza na mawili yamekwenda na maji. Wakazunguka njia ya mbali. Mama wa watu hakufika. Na magogo yale yalikuwa yameoza tangu mwaka uliotangulia. Kila mtu alijua, na wakubwa walijua kuliko wote. Lakini mkubwa ana macho mawili tu: moja la kutazamia gari lake, la pili la kutazamia kura.

Mtendaji wa kata wakati ule alikuwa Gwakisa, mdogo wake Anyosisye, tumbo moja. Alikuwa akingoja barua ya wilayani iruhusu kazi ya daraja ianze. Siku ya maziko alikuja, kaka yake akampa mgongo. Matanga yalipokwisha Anyosisye alifunga nyumba yake, akahamia Makambako kwa binti yake Tusekile.

Mwaka ukapita. Ikabidi wawazungukie ndugu waliokuja kuzika, wawashukuru. Tusekile akaendesha pikapu yake siku nane, Mbarali, Mbozi, hadi Sumbawanga na kurudi, mpaka kiuno kikagoma. Kila nyumba mambo yalikuwa yale yale. "Pole na safari, mzee. Pole na msiba." Naye, mguu haujavuka kizingiti: "Nimeshapoa." Alilitamka kama mtu anayefukuza nzi. Alikula, akashukuru, viatu miguuni, wakaondoka.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Gwakisa. Tusekile alisema wapumzike hapo Jumapili nzima, Jumatatu warudi Makambako. Moyoni alikuwa na lake: ndugu hawa wasiposemezana safari hii, kitakachowakutanisha tena ni jeneza.

"Kwa mtendaji nitapita tu," alisema mzee.

"Si mtendaji tena, baba. Aliacha kazi."

"Angeiacha mapema."

Jumamosi alasiri walivuka lile daraja. Magogo yalikuwa mapya, manene, gari halikutikisika. Mzee akatema mate nje. "Naona barua imefika. Wakubwa huamka watu wakishazikwa."

Gwakisa aliwapokea mlangoni. "Pole na safari, kaka. Pole sana."

Mzee akampita kama anavyopita nguzo, akaenda kukaa. Hata lile neno lake la kufukuzia nzi hakulitoa. Tusekile akaona aibu. "Baba mdogo, nisamehe mimi…"

"Mwache, mwanangu," alisema Gwakisa. "Pole haijibiwi mlangoni. Mlangoni mtu hujibu ili apishwe njia."

Jumapili gari lilipumzika migombani, na watu nao. Viatu vya mzee vilikuwa vimelowa tope, mke wa Gwakisa akavianika karibu na moto, kwa hiyo mzee akatoka peku kwenda nyuma ya nyumba, mahali alipochezea utotoni. Akasimama. Pale ilipokuwa miti mirefu ya milingoti aliyoipanda baba yao, ambayo baba huyo alikataza isikatwe hata tawi, palikuwa na visiki saba.

Gwakisa alikuwa ameketi nje ya jiko, anamenya ndizi.

"We Gwakisa. Milingoti ya baba iko wapi?"

"Hukuiona jana?"

"Nimekuuliza, umeiuza?"

"Umepita juu yake, kaka. Na gari lako."

Mzee akakaa juu ya kisiki.

"Barua haijafika hadi leo," Gwakisa akaendelea, kisu kikiwa kimetulia mkononi. "Niliwarudishia mhuri wao nikachukua shoka. Ningelianza na shoka, shemeji…"

Kuku wakachakura maganda. Kisha mzee akaja, akachukua kisu cha pili.

"Unamenya vibaya. Nusu ya ndizi umeiacha kwenye ganda."

"Ningejifunza kwa nani? Utotoni wewe ulikuwa unakula tu."

Tusekile, aliyekuwa jikoni, akasikia sauti ambayo hakuwa ameisikia mwaka mzima. Baba yake alikuwa anacheka, cheko fupi lenye kutu.

Beseni lilipokaribia kujaa, mzee akasema, macho kwenye ndizi: "Ninapoa."

"Umesemaje?"

"Ile pole yako ya jana. Kote nilikopita nimesema nimeshapoa, nimewadanganya watu wazima na akili zao. Kwako sidanganyi. Ninapoa. Polepole."

Gwakisa akaitikia kwa kichwa, akamsogezea mkungu mwingine.

Jumatatu Tusekile alipowasha gari, baba yake alikuja peku mpaka dirishani. "Nenda salama, mwanangu. Niachie ufunguo wa nyumba yangu. Paa litakuwa linavuja, na mafundi tupo wawili."

Barua ya wilayani bado inangojwa. Daraja lipo, nanyi mmelivuka jana mkija huku kwetu. Basi mkimpokea mtu aliyetoka mbali, kwa njia au kwa msiba, mpeni pole yake, kisha mpeni kiti na kisu cha ndizi, msimkodolee macho. Atajibu siku yake. Pole haijibiwi mlangoni.