Ndui Iliyofuata Mkanda

Masikio yako wapi? Haya, yaleteni karibu.

Zamani hizo, wajukuu zangu, milima ikiwa bado haijaamua ikae wapi, palikuwa na mpiga ngoma aitwaye Mndeme. Ngoma ya jumbe ilikuwa nzito kama ndama, naye aliibeba kwa mkanda wa ngozi uliopita begani. Mkanda ule haukuoshwa kamwe. Babu yake alitokwa jasho juu yake, baba yake alitokwa jasho juu yake, na watu walisema ukiuosha, umewafuta wazee. Msicheke, ndiyo ilikuwa desturi.

Kiangazi kimoja jumbe aliomba mvua siku saba. Mndeme akapiga, jasho likamtoka. Akapiga, jasho likamtoka. Siku ya nane akaamka na vipele vyekundu, vingine vina usaha.

"Ndui," akasema Mzee Kihiyo, mganga wa jumbe, akiwa amesimama mbali. "Kesho aende pangoni."

Wenye ndui walipelekwa pangoni. Aliyewahi kurudi ni mbuzi mmoja, aliyeingia kwa bahati mbaya.

Mndeme akainuka. Akaanza kukunja mkeka wake.

"Hebu geuka, mume wangu," akasema mkewe, Nakijwa. "Geuka tena." Kisha akamwita mganga. "Shikamoo, baba."

"Marahaba. Usisogee."

"Ndui hii nani kaionyesha njia? Imeanzia begani, imeshuka mgongoni, imeishia kiunoni. Kando haikugusa. Mimi mwenyewe nikienda kisimani hupinda kidogo, hii haikupinda."

Watu waliokusanyika uani pamoja na jumbe wakachungulia. Vipele vilikuwa na upana wa mkanda, havikuzidi hata kidole.

"Basi wazee wamekasirika," akasema Kihiyo.

"Labda wamechoka kunuka, baba. Tuwaogeshe."

Hakuna aliyejua kama lile lilikuwa tusi au heshima. Mndeme alishika mkeka wake, akisubiri. Jumbe akafikiri sana.

"Waogesheni," akasema. "Ila kwa adabu."

Wakauosha mkanda kwa adabu. Maji yakatoka meusi mara tatu. Mndeme akaoga, akapumzika siku kumi, na vipele vikanyauka. Alipobeba ngoma tena, begani aliweka kitambaa laini.

Jioni moja Mzee Kihiyo akaja peke yake. Akavua kofia yake ya manyoya, ambayo hakuna aliyewahi kumwona bila hiyo. Paji lote la uso lilikuwa limejaa vipele.

"Mwanangu Nakijwa," akanong'ona, "miaka yote nimewaambia watu hii ni alama ya mizimu."

Nakijwa hakucheka. Akamletea maji.

Basi, wajukuu zangu, kinachosugua ngozi yenye jasho kioshwe kwanza, mizimu iulizwe baadaye. Kisa nimekitua hapa. Mwenye nguvu akiinue.