Shahidi Aliyeitikia kwa Kichwa

Inasimuliwa kwamba, wanangu, katika mji mmoja wa kale ambako misafara ya ngamia ilikuwa ikipumzika, aliishi mcha Mungu mmoja jina lake Hudhaifa, Mola amrehemu. Alikuwa mfua shaba. Miaka arobaini alipiga nyundo, akitoa masufuria na mabirika, na nyundo ile ile iliyomlisha ndiyo iliyomla masikio, kidogo kidogo.

Basi Hudhaifa alikuwa mtu wa kweli, na ndoa za mji ule zilikuwa hazifungwi asipoitwa kuwa shahidi. Ndivyo alivyokuwa baba yake, na babu yake. Mwezi wa Rajabu ulipoingia masikio yakazima kabisa. Aliyejua ni yeye na mkewe, Bi Rababu, basi. Akajifunza kutazama midomo ya watu na kuitikia kwa kichwa, na watu wakasema, "Mzee hekima imemzidi, siku hizi haneni ovyo."

Ikafika mwisho wa Shaabani, harusi ya kwanza tangu masikio yazime. Binti aliitwa Lubaba, yatima aliyelelewa na ami yake, Mundhiri. Bwana harusi, Ayashi, alitoka mji wa mbali, na msafara wake ulikuwa uondoke siku hiyo hiyo baada ya adhuhuri. Kwa ile haraka, akdi ya ndoa ikafungwa katika chumba kidogo, watu wanne tu: Mundhiri ambaye ndiye walii, msimamizi wa binti, bwana harusi, na mashahidi wawili, Hudhaifa mmojawapo. Wageni walikuwa uani, Kadhi wa mji miongoni mwao, wanangoja karamu ya walima.

Mundhiri akatamka ijabu, neno la kumwoza binti. Hudhaifa akaisoma midomoni. Lakini Ayashi, alipofika kwenye kabuli, neno la kukubali, kwa haya zake aliinama, na ncha ya kilemba ikamfunika mdomo. Alisema nini? Hudhaifa hakusikia wala hakuona. Shahidi mwenzake akaitikia kwa kichwa, naye akaitikia.

Sinia la nyama likaja. Hudhaifa akamega tonge, akalirudisha. Akainuka kama anayekwenda kunawa, akamkuta mkewe penye mtungi wa maji.

"Mama, nimeshuhudia nisichokisikia."

Bi Rababu akamshika kidevu, akamgeuzia uso wake ayaone maneno. "Umemwambia nani?"

"Wewe. Nikisema, sitaitwa tena. Jina la baba yangu litaishia kwangu."

"Na usiposema, mtoto wa watu atakwenda safari ya siku kumi na mwanamume ambaye bado si mumewe. Rudi, mume wangu. Ngamia bado wamepiga magoti."

Akarudi. Akasimama katikati ya wageni, akasema, "Bwana Kadhi, mimi ni kiziwi tangu Rajabu. Kabuli ya kijana huyu sikuisikia, na kilemba kilimfunika mdomo nisiusome."

Mundhiri akaruka. "Nyama imeliwa, mizigo imefungwa, ndipo unapoyakumbuka masikio!"

Naye Dirari, mwoka mikate, jirani yake ukuta kwa ukuta, akajipiga paja. "Kumbe! Mimi kila asubuhi namtolea salamu haitikii, nikasema huyu mzee amepata kiburi. Miezi miwili nimemnunia kiziwi!"

Watu wakacheka. Kadhi hakucheka. Alikuja akasimama mbele ya Hudhaifa, akasema taratibu ili asomeke, "Je, tangu Rajabu umeshuhudia ndoa nyingine?"

"La. Hii tu."

"Alhamdulillahi. Shahidi wa ndoa husikia kwa sikio lake ijabu na kabuli, na wanatakiwa wawili. Hapa amesikia mmoja, kwa hiyo akdi haikutimia. Na hawa bado hawajakaa pamoja faragha. Basi kuna ubaya gani? Ni maneno machache, yarudiwe hapa hapa uani. Dirari, njoo ukae mahali pake."

Dirari akasita. Akamwendea Hudhaifa kwanza, akamshika bega, akamwambia usoni, "Asalamu alaykum, jirani." Hudhaifa akaitikia kwa sauti, machozi yanamtoka.

Kadhi akasema binti naye aulizwe upya. Asubuhi Lubaba alipoulizwa alikuwa amenyamaza tu, na kunyamaza kwa mwanamwali ndiyo idhini yake. Safari hii, Mundhiri alipouliza, sauti ikatoka nyuma ya pazia:

"Nimeridhia, ami! Na mwambieni mara hii asijifunike mdomo!"

Uani ukalipuka kwa vicheko. Hudhaifa akawaona watu wanashika mbavu, akamgeukia mkewe mlangoni. "Amesema nini?" Bi Rababu akamwambia, naye akacheka kuliko wote.

Ayashi akaiondoa ncha ya kilemba mdomoni, akainua uso, akatamka kabuli neno kwa neno. Hudhaifa, aliyekaa huko nyuma na wageni, akaisoma yote. Ngamia wakainuka na bibi harusi wao, halali bila shaka yoyote.

Wanangu, Hudhaifa hakuitwa tena kuwa shahidi. Lakini wazee wanasema hakuna aliyeishuhudia ndoa ile kama yeye, maana wengine walishuhudia kwa masikio, yeye aliishuhudia kwa kukitoa kiti chake. Mwenyezi Mungu atujaalie ulimi wa kusema "sikusikia" pale ambapo hatukusikia. Amina.