Kipimo Kilichovishwa Kofia

Hapo zamani, na msinitolee macho, si zamani za mababu, ni za juzijuzi tu, palikuwa na hospitali moja ya wilaya yenye kompyuta kubwa iitwayo seva. Mafaili yote ya wagonjwa yalikaa humo. Ukutani palikuwa na skrini yenye kipimo, namba ya kuonyesha prosesa za seva, yaani zile sehemu zake zinazofanya kazi yenyewe, zimeelemewa kiasi gani. Namba ikasema mia kwa mia. Asubuhi mia. Mchana mia. Jioni mia.

Wakubwa wakasema, "Masikini, mashine imechoka." Wakafanyaje? Si mnatujua! Maji yakipungua, mgao. Umeme ukipungua, mgao. Basi na seva ikapangiwa mgao! Maabara saa mbili hadi saa nne, wodi ya wazazi saa nne hadi saa sita, duka la dawa saa sita hadi saa nane. Ratiba ikabandikwa mlangoni na muhuri juu. Mganga mkuu, Daktari Nyanzala, akatangaza: nimepata nafasi moja ya ajira ya kudumu, moja tu, na nitampa atakayeniondolea balaa hili.

Kwenye dirisha la mapokezi alikaa Sikudhani. Miaka tisa alikuwa kwenye mkataba wa miezi mitatu mitatu, na kila ukikaribia kwisha, usingizi unampotea. Safari hii ulikuwa unaisha Ijumaa. Na matusi ya foleni yote, nani aliyala? Yeye.

Siku ya Jumatatu, saa tano, akaja mama na mtoto mgongoni, mtoto anawaka homa. Dawa imeshaandikwa, ila zamu ya duka la dawa bado.

"Mama, vumilia hadi saa sita."

Yule mama akamtazama tu, akamkaza mtoto mgongoni. Sikudhani aliona aibu mpaka kiti kikamshinda. Akanyanyua simu. "Duka la dawa, fungueni kompyuta."

"Dada, tutafukuzwa!"

"Fungueni. Wakiuliza, semeni ni Sikudhani."

Dawa ikatoka, mtoto akanyweshwa palepale. Sikudhani akageukia skrini, akijua sasa mashine inazima. Wapi! Mia. Akajiuliza: wodi peke yake, mia, wodi na duka la dawa, mia vilevile? Akawapigia maabara nao waingie. Mia.

"Ala! Mwenye ndoo moja kichwani na mwenye ndoo tatu watoke jasho sawasawa? Namba hii ina lake jambo."

Akamwendea Tumsifu, fundi wa kompyuta, naye wa mkataba. "Kaka Tumsifu, kipimo chako kinatudanganya." Tumsifu akacheka. Akaja akatazama, kicheko kikakatika. Akajifungia siku mbili katika chumba cha seva, chumba baridi, amevaa sweta. Akazihesabu prosesa: nane. Akazipima moja moja. Hii inafanya kazi kidogo, hii inasinzia, hii hata haijaguswa. Lakini kipimo? Mia! Akakizima, akakiwasha. Mia. Akatafuta kosa lilipo, asilione.

Jumatano mchana akatokea Rwegoshora. Huyu ndiye aliyeitunza seva zamani, siku hizi kibarua wa jenereta. Akasimama mlangoni, anajipangusa mikono muda mrefu kuliko uchafu wenyewe.

"Mwanangu, usijitese. Ni mimi."

"Wewe umefanya nini, mzee?"

"Kipimo kiliwekwa mashine ikiwa na prosesa moja. Nikaongeza saba, sikukiambia. Kikawa kinajumlisha kazi ya zote nane, kinadhani ni ya moja. Siku hiyo kikasoma mia tatu na arobaini. Mkubwa wa wakati ule akaniuliza mbele ya watu, asilimia mia tatu na arobaini ya nini, wewe? Wakanicheka. Niliona haya, mwanangu. Nikakivisha kofia, kisipite mia kamwe."

Akamwonyesha mstari wa programu alipouficha. Tumsifu akaivua ile kofia, akakiambia kipimo kuwa prosesa ni nane. Wakaita idara zote ziingie kwa pamoja. Namba ikashuka hadi arobaini na mbili! Ratiba ya mgao ikachanwa, na foleni ikaanza kusogea.

Alhamisi wote watatu wakaitwa kwa daktari.

Tumsifu akasema, "Kushuku hata mpita njia anashuku. Mimi nimezipima nane zote, mimi nimetengeneza. Nafasi ni yangu."

Rwegoshora akasema, "Ametengeneza nilichomwonyesha. Ningenyamaza, angekuwa bado humo na sweta lake. Nimejianika mwenyewe, na leo naweza kufukuzwa. Nafasi ni yangu."

Sikudhani akasema, "Nyie wote mlipita chini ya namba ile kila siku. Nani aliiuliza swali? Na nani aliyevunja mgao, mkataba wake ukiwa na siku nne? Nafasi ni yangu."

Daktari Nyanzala akavua miwani, akasugua macho. "Wote mnasema kweli, na fomu ya ajira ni moja. Sikudhani, wewe ndiye ulianza. Andika jina. Hata lako, nitasaini."

Sikudhani akashika kalamu. Akaikumbuka miaka tisa. Akamkumbuka yule mama: alisubirishwa kwa sababu ya kofia ya Rwegoshora, na mdomo wa Rwegoshora huyohuyo ndio uliomwondolea kusubiri. Akamtazama Tumsifu, macho mekundu ya siku mbili. Kalamu ikagusa karatasi.

Jina aliloandika nalijua, na simwambii mtu. Nataka lenu kwanza, ninyi mnaojifanya mnajua kuhukumu. Fomu moja, watu watatu, kesho Ijumaa. Je, nani alistahili?